Gari yetu inatetemeka: tuulize "wakati gani" mbele ya kuuliza "nani"

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano mkubwa wa chama, Njingala. Tunayaandika hapa kwa wanamemba ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.)



Kwenye ubao waliandika mada yangu hivi: "Sauti za gari na kutetemeka kwa volani." Lakini munajua vizuri sababu niliitwa. Tangu gari yetu ifike kutoka Kisangani, kuna maneno inatembea katika vijiji. Wengine wanasema shofere anaiharibu. Wengine wanasema mama mtunza hazina alinunua gari ya bei ndogo, akaandika bei kubwa. Mmoja aliniambia kwamba wenye walikuwa nayo mbele waliiacha na dawa ndani. Sikumcheka. Mtu akishakaa nyuma ya gari pamoja na mama mwenye uchungu wa kuzaa, na mbele ya daraja la miti volani inaanza kutikisika mpaka shofere anaishika kwa mikono miwili kama anashika mbuzi, huyo mtu atatafuta sababu popote.

Kwa hiyo niseme kwanza juu yangu. Fomu ya kupima gari kule Kisangani, niliitia sahihi mimi. Mama mtunza hazina alihesabu makuta mbele ya mashahidi wawili, risiti iko, kila mtu anaweza kuiona leo. Kujua chuma cha chini ya gari haikuwa kazi yake, ilikuwa yangu. Na mimi nilifanya nini? Niliendesha gari dakika 15 katika barabara ya mji, katikati ya pikipiki na wauza maji, sikupita kilomita 40 kwa saa hata mara moja. Muuzaji alikaa kando yangu, redio ikiimba kwa nguvu. Sikuizima. Nilifungua kifuniko cha moteri, nikaona ni safi, nikasikia inawaka vizuri, nikaandika "nzuri". Sikuinama chini. Nilikuwa nimevaa suruali safi.

Wafadhili watasoma haya, najua. Afadhali wasome kwangu.

Wale waliokuwa hapa miaka ya 2000 wanakumbuka maisha bila gari. Kasiterite ya Bisie ilitoka msituni kwa miguu, magunia ya kilo 50 mgongoni mwa vijana mpaka hapa Njingala, kisha ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kule Kilambo. Chumvi, sabuni, bia, vyote viliingia Bisie juu ya mgongo vilevile. Leo kuna barabara inayoingia mpaka mgodini, na mtu anaweza kufikiri gari ni kitu cha kawaida. Lakini mwezi wa 3 mwaka 2025, vita vilipofika Walikale-kati na mgodi ukasimamisha kazi, wengi kati yetu tuliondoka na watoto na sufuria tu. Mwezi wa 4 kazi ya mgodi ilianza tena kidogo kidogo, watu wakaanza kurudi, na wenye kutoka Masisi wakafika pia. Tulikuta mashamba yamekuwa pori. Aliyekuwa na ndizi alikosa njia ya kuzifikisha sokoni, na aliyekuwa na mgonjwa alilipa pikipiki bei ambayo sitaitaja. Ndiyo sababu mulitoa michango, franga kwa franga, wafadhili wakaongeza sehemu yao, na chama kikapata gari.

Gari yenyewe ni Toyota Land Cruiser ya safu ya 70, ile ya kabla ya 1999, yenye sanduku nyuma. Iko na resori za bapa mbele na nyuma, na ekseli ya mbele ni chuma kimoja kigumu kutoka gurudumu hadi gurudumu. Moteri ni 1HZ, dizeli, silinda 6, lita 4.2. Hiyo moteri munaisikia kila siku barabarani, ni ya kuvumilia, na yetu ni nzima kweli. Ugonjwa uko chini.

Sasa sikilizeni namna ya kumuuliza mgonjwa. Mtu akikwenda kwa dokta na kusema "ninaumwa", dokta anamuuliza: wakati gani? Usiku? Ukila? Ukipanda mlima? Gari ni vilevile. Tukisikia "kru-kru" tunakimbilia kuuliza ni kifaa gani kimekufa, na fundi ambaye hajui anajibu jina la kifaa anachouza. Tuanze na wakati gani. Inalia gari ikiwa imesimama, au ikitembea tu? Inalia ukikanyaga freni? Ukikata kona? Ukipita shimo? Inazidi gari ikizidi mbio, au inafuata mlio wa moteri?

Hilo la mwisho lina njia rahisi. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, bila watu, fika kilomita 50, kisha toa vitesi, uiache gari itembee yenyewe huku moteri inapumua polepole. Kama sauti inabaki ileile, moteri haina kosa. Tafuta kwenye magurudumu, mipira, ekseli au kardani. Kama sauti imekufa pamoja na mbio za moteri, angalia huko mbele. Lakini munisikie vizuri, vijana: usizime moteri gari ikiwa inatembea. Volani itakuwa nzito kama jiwe, freni itapoteza nguvu yake, na ukizungusha ufunguo zaidi volani inaweza kujifunga. Kutoa vitesi tu, basi.

Sauti ya kwanza tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kunguruma, "vuuuu", kama ndege ya mbali, ikiongezeka na mbio. Mipira yenye meno makubwa inanguruma pia, kwa hiyo watu wanachanganya. Tofauti ni hii: barabara ikiwa pana, uyumbishe gari polepole kushoto na kuume. Ukigeuka kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kuume. Kama hapo ngurumo inaongezeka, na ukigeuka kuume inapungua, basi rulema ya gurudumu la kuume inakufa. Rulema ni ile pete yenye vyuma vidogo ndani, vinavyofanya gurudumu lizunguke bila kusagana. Mpira hautajali sana umegeuka wapi, utanguruma tu. Kwetu ilikuwa mipira. Nusu ya ngurumo ilikuwa bure, haina hatari.

Sauti ya pili, "ka-ka-ka" kwenye kona kali, ilitutisha zaidi. Hii gari iko na vitovu vya mbele vya kufunga na kufungua kwa mkono, kwa kazi ya 4x4. Tulivifungua, tukakata kona ileile, sauti ikapotea. Tukavifunga, ikarudi. Maana yake ni ile jointi ya ndani inayopeleka nguvu kwenye gurudumu linalokata kona. Vyuma vyake vimechakaa. Inaweza kungoja kidogo, kwa sharti shofere asikate kona mpaka mwisho akiwa ndani ya 4x4. Kwenye matope ya Walikale sharti hilo si jepesi, ninajua.

Zile ndogo nizipite haraka. Gari ikigonga "ko!" mara moja ukiachilia ambreyaji au ukitoka mbele kwenda nyuma, shika kardani kwa mkono gari ikiwa imesimama na kuzuiwa vizuri, uizungushe, misalaba yake ikicheza, ndiyo hiyo. Ikipiga kelele nyembamba asubuhi ukiwasha, mara nyingi ni mkanda wa moteri. Ukikanyaga freni ukasikia chuma kinasaga chuma, usiulize mtu yeyote, simama.

Sasa kutetemeka kwenyewe, ambako ndiko kulileta maneno.

Shofere alituambia siku ya tatu. Alisema: "Nikipita kilomita 50 na nikapiga shimo, volani inaanza kucheza yenyewe na haiachi mpaka nipunguze mbio karibu kusimama." Hayo maneno yake yalikuwa uchunguzi kamili, na hakuna aliyeyaandika. Tulimjibu aendeshe vizuri. Mimi nilikuwa mmoja wa waliojibu hivyo.

Kisha tulipeleka gari katika garaji moja. Fundi aliangalia dakika tano, akasema ni amortisa ya direksio, ile ndogo inayolala mbele ya ekseli kuzuia volani isirukeruke. Tukanunua mpya, ikafungwa, na kweli gari ikatulia. Siku 10. Baadaye ikarudi kutetemeka, tena zaidi. Hapa ndipo makuta ya chama yalipotea, si Kisangani. Amortisa mpya ilikuwa kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa wa homa: mkono unatulia, homa iko palepale. Ilitufichia ugonjwa siku 10, na katika siku hizo gari ilibeba watu.

Ndipo tukaanza upya, kwa kitu kisicho na bei. Tuliosha janti, upande wa ndani. Nani kati yenu amewahi kuosha janti upande wa ndani? Matope yetu yakikauka humo yanakuwa kama tofali, na tofali upande mmoja wa gurudumu linalozunguka linafanya volani itetemeke, sanasana kwenye mbio fulani, kisha ukipita hapo inapungua. Tulitoa matope ya kujaza karai. Gari ikapata nafuu kidogo. Kidogo tu, lakini bure.

Kisha mipira. Tulikuta mipira minne ya aina tatu. Kwenye ubavu wa kila mpira kuna alama ya DOT, na mwisho wake kuna kikundi cha namba nne ambacho mara nyingi kinaonekana upande mmoja tu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mmoja wa kwetu ulisoma 1811, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2011. Meno yalikuwa bado marefu, ndiyo maana macho yangu yalidanganyika, lakini ndani ulikuwa na uvimbe wa ngumi ya mtoto. Mpira wenye uvimbe, nyuzi zake zimeachana. Unaweza kupasuka wakati wowote. Huo tuliukata kwa panga, mtu yeyote asiuuze tena sokoni. Kuna mtu aliomba apewe atengeneze viatu, tukampa vipande.

Mwisho tulifanya kile nilichopaswa kufanya Kisangani. Tuliinua gurudumu la mbele kwa kriki, na tukaweka gogo zito chini ya ekseli, kwa sababu kriki peke yake haimshikii mtu uhai. Shika gurudumu juu na chini, mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa, sukuma na vuta. Likichezacheza, mwambie mwenzako akanyage freni kwa nguvu, kisha rudia. Kama kucheza kumekwisha freni ikikanyagwa, ni rulema ya gurudumu. Kama linaendelea kucheza hata na freni, ubaya uko ndani zaidi, pale ambapo gurudumu linageukia kushoto na kuume. Kwetu liliendelea. Kisha shika kushoto na kuume, fanya hivyohivyo, mwenzako akiangalia chini kwenye rotili, yaani viungo vya mwisho wa fimbo zinazounganisha volani na magurudumu. Rotili ya kuume ilikuwa inaruka ndani ya nyumba yake. Unaweza kuiona kwa macho. Mtoto wa darasa la tatu angeiona.

Tulifungua ekseli. Kila upande kuna rulema mbili ndogo, moja juu na moja chini, ambazo gurudumu linageukia. Zote nne zilikuwa kavu. Gresi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa, maana yake maji yaliingia, na chuma kilikuwa na mashimo kama mhindi uliokuliwa na wadudu. Mashimo hayo hayafanyiki mwezi mmoja. Shofere wetu ameendesha gari hii chini ya miezi miwili. Naomba wale waliosema juu yake walisikie hilo, na ikiwezekana wamwambie kitu wakimkuta njiani. Yuko hapa, amekaa nyuma, hapendi nimtaje.

Na mama mtunza hazina: gari yenye mipira minne mizuri na ekseli nzima ingegharimu zaidi ya ile tuliyolipa. Kama ningeinama chini siku ile, tungeshusha bei, au tungeiacha. Hiyo tofauti haiko katika mfuko wa mtu. Iko katika dakika zangu 15.

Kuna jambo moja nataka mkutano ulikate leo, na nitalisema wazi hata kama wengine hawatapenda. Gari hii inafaa kubeba karibu tani moja. Tumeibebesha mara mbili ya hapo, ndizi, mbao, na watu juu ya ndizi, kwa sababu kila mwanamemba anasema gari ni yake. Ni yake, ndiyo. Lakini rulema haijui mwanamemba. Ninaomba shofere apewe haki ya kukataa mzigo, na haki ya kusimamisha gari akisikia sauti mpya, na asiadhibiwe kwa hiyo. Ninaomba pia daftari ndogo ndani ya gari: tarehe, sauti gani, wakati gani, mbio gani. Fundi yeyote atakayekuja atasoma hapo kwanza, mbele ya kutuuzia kitu.

Na kwa wenzetu wanaotaka kununua gari yao wenyewe, kwa sababu nimesikia wawili wana mpango huo: nenda na kriki yako. Zima redio. Omba muuzaji akuache ufike kilomita 80 mahali panaporuhusu, kisha upite mahali pabaya. Mara moja achilia volani kidogo uone gari inavuta wapi. Ukirudi, karibisha mgongo wa mkono kwenye kila kitovu bila kukigusa haraka. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, kuna rulema iliyobanwa au freni inayoshika. Magari mengi yanatufikia kutoka Mombasa kupitia Kampala na Kasindi yakiwa na volani kuume, na wengine wanaihamisha kushoto. Ukikuta gari iliyohamishwa volani, lala chini uangalie kila mahali palipochomelewa. Kama muuzaji hataki ulale chini, umeshapata jibu.

Mama mmoja wa Logu aliniuliza kabla ya mkutano, nami nilimwahidi kujibu mbele ya wote. Aliuliza: "Na kama sauti mpya inakuja usiku, njiani, na mgonjwa yuko ndani?" Mama, simameni. Shofere ashuke na tochi, akaze boloni za magurudumu yote kwanza, maana boloni iliyolegea inatetemesha gari sawa na ugonjwa mkubwa, na inaweza kutoa gurudumu. Kila tukibadili mpira, zikazwe tena baada ya kilomita 50. Kisha azungushe volani kidogo, mtu mwingine akimulika magurudumu ya mbele. Kama volani inatembea sana na magurudumu yanachelewa kufuata, gari haiendi tena, hata mita 100. Mgonjwa aende kwa pikipiki, au kwa kipoyi kama zamani. Kama magurudumu yanafuata vizuri, boloni zimekaza na freni ni nzima, endeni mwendo wa mtu anayekimbia, mpaka mwanga.

Rulema nne mpya zimeshafungwa, na mipira miwili imebadilishwa. Rotili ya kuume imeagizwa Kisangani, tunaingojea. Mpaka ifungwe, gari inabaki hapa nyuma ya ofisi na ufunguo uko kwa Baba Prezida, si kwangu. Kwa wagonjwa wa siku hizi, kuna makuta ya pikipiki kwa mama mtunza hazina, na daftari lake liko juu ya meza pale. Anayetaka kuona rulema za zamani, ziko ndani ya kopo jekundu kando ya mlango. Zigeuzeni kwa vidole, mutasikia.